Siku tano Bamburi: fleti safi, maji ya chumvi na bahari iliyotukimbia

Nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya mbuzi ya kukunia nazi niliyoikuta chini ya sinki.

Shule zilipofungwa Agosti tulishuka Mombasa watu sita: mimi, baba watoto, watoto watatu na mama mkwe. Hoteli zilitushinda bei, tukachukua fleti ya vyumba vitatu Bamburi, shilingi 8,500 kwa usiku. Tangazo lilisema ni dakika tatu hadi baharini. Mama mkwe na goti lake alitumia tano, kwa hivyo hapo sina neno. Mashuka yalikuwa safi, neti hazina matundu, sufuria za kutosha.

Maji ndiyo yaliyonichosha. Bombani yanatoka ya kisima, yana chumvi. Sabuni haitoi povu. Kitinda mimba nilimwosha kichwa mara tatu, nywele zikabaki zimegandana kama kumbi la nazi, na chai ya kwanza tuliimwaga yote. Nikampigia keyateka, mtunza jengo. "Pole mama, ya mfereji wa mji yaja Jumatano." Jumatano ikaja peke yake. Tukawa tunanunua majerikeni ya lita 20 ya kupikia na kunywa. Najua shida ya maji Mombasa si ya leo wala si ya jengo hili peke yake, lakini mtu akiniambia mapema nitajipanga. Tokeni za stima, yaani umeme wa kulipia kabla, nazo zilikuwa juu yetu, jambo ambalo halikuandikwa popote; eisii (kiyoyozi) ya chumba cha mama mkwe ilimeza za elfu moja kwa siku mbili.

Sasa bahari. Asubuhi ya kwanza, saa nne, watoto na maboya yao mkononi, tunafika ufuoni na bahari haipo! Ni mwani, vidimbwi na mawe, na mawimbi yanavunjika kule mbali kwenye mwamba. Mzee mmoja aliyekuwa akikwangua ngalawa yake alituonea huruma. "Mwezi mpevu huu, mama. Ni bamvua. Saa hizi maji yamekupwa; njooni saa kumi, mtayakuta hapa ukutani." Tulirudi saa kumi na kweli yalikuwa yanapiga ukuta.

Mimi wa Nairobi nilikuwa nimepanga safari kwa kalenda ya shule, kumbe ilifaa niangalie mwezi. Pwani hii, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua: maji hukauka kabisa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, ndiyo maana siku yetu ya tano watoto waliogelea saa mbili asubuhi na kufikia adhuhuri pakawa pakavu tena. Tungefika wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, bahari ingekuwa imejaa saa nne ileile na isingekimbia mbali hivyo. Ila kupwa nako kuna raha yake: mwanangu wa kati alikaa saa nzima akimtazama jongoo wa bahari, akisubiri atembee.

Basi tukapindua ratiba. Asubuhi matembezi, alasiri maji. Haller Park iko palepale Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji. Watoto walilisha twiga kwa mkono, wakasimuliwa habari za Owen, kiboko mdogo aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamganda kobe mzee kama mamake. Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, nendeni mapema kabla jua halijakomaa. Mama mkwe alitafuta kivuli cha ukuta akakataa kuinuka. Jioni moja tulikula viazi karai kwenye bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, na kachiri (chipsi za muhogo) za moto zilizonyunyiziwa ndimu na pilipili. Kwa kachiri zile peke yake ningerudi.

Usafiri: tulipanda treni ya SGR ya asubuhi, nauli ya kawaida 1,500, watoto wa miaka 3 hadi 11 nusu. Wa miaka miwili hakulipiwa, lakini alikaa mapajani mwangu safari nzima, na nilimlipia kwa mgongo. Tsavo tuliona ndovu wekundu kwa vumbi. Tikiti kateni mapema kwa *639#, maana likizoni huisha upesi. Tena wekeni pesa ya teksi: stesheni iko Miritini, na kutoka huko hadi Bamburi si karibu, hasa foleni ikikukamata Daraja la Nyali.

Desemba tunarudi, na tarehe nimeshazilinganisha na mwezi. Fleti ileile nitaichukua, mwenyewe akikubali kuandika kwenye tangazo kwamba maji ni ya chumvi na tokeni ni za mgeni. Mbuzi aiache palepale.