Picha za barua pepe: zifunguke zenyewe au ziulize kwanza?

Msimu wa korosho ukikaribia, dada yangu hapa Mtwara hupokea barua pepe za madalali asiowajua. Kwenye simu yake picha zilikuwa zinafunguka zenyewe. Barua inapendeza, nembo na mabango yote yapo. Kumbe picha hizo hazimo ndani ya barua. Zinavutwa kutoka seva ya mtumaji, yaani kompyuta yake iliyoko mtandaoni. Akiweka kapicha ka nukta moja tu, kasikoonekana kwa macho, kenye anwani ya peke yake kwa kila mpokeaji, seva inaandika barua imefunguliwa saa ngapi, mara ngapi, kwa anwani ipi ya IP (namba ya muunganisho wako wa intaneti), mara nyingi hata kwa kifaa gani. Tapeli anajua sanduku lako liko hai. Dalali anajua umerudia bei yake mara nne usiku mmoja, na kesho hashushi hata shilingi.

Ukizuia, unaona vijisanduku vitupu na kitufe cha kuonyesha picha. Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe, huzuia hivyo bila kuambiwa. Inachosha kidogo, nakiri, ila bando nalo linapona.

Gmail iko katikati: tangu Desemba 2013 inapitisha picha kwenye seva za Google, kwa hiyo IP yako haionekani. Lakini kwamba umefungua, mtumaji bado anaweza kujua. Ndiyo maana dada nimemwekea iulize kwanza. Picha za korosho zilizoambatishwa anaziona kama kawaida. Hizo zilishafika pamoja na barua.