Xfce kwenye kompyuta za saiba Lamu: yafaa, ila itiwe kufuli kwanza

Laptopu ya mtumba yenye memori ya GB 2 au 4, inayopokezanwa na wateja kutwa nzima, huyu akijaza fomu ya eCitizen na yule akichapisha barua ya kuomba kazi: hiyo ndiyo kompyuta ya saiba ya Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa Lamu, na kwa kompyuta hiyo hakuna eneo-kazi la programu huria tunalolipendekeza kuliko Xfce. Kwa wepesi mtupu IceWM, programu ya kusimamia madirisha tu, huishinda. Xfce inapendwa kwa sababu fundi anaweza kuifunga wateja wasiivuruge, na ikivurugika anairudisha kwa dakika mbili bila kupakua chochote. Stima ikikatika na intaneti ikaondoka nayo, utaona faida ya hilo.

Olivier Fourdan aliianzisha mwaka 1996. Toleo la 4.20 lilitoka Desemba 2024 na ndilo lililomo katika Debian 13, mojawapo ya mifumo ya Linux. Kuisakinisha ni amri moja, sudo apt install task-xfce-desktop, nayo huleta xfwm4 inayosimamia madirisha, Thunar ya kufungulia mafaili, paneli, na LightDM ya kuingilia. Ikiwaka tu, kabla hujafungua kitu, kwa kawaida hula MB 500 hadi 700. Kinachobaki ni cha kivinjari, na kivinjari hakishibi. Kwa hiyo sakinisha zram-tools, inayobana data ndani ya memori ili itoshee zaidi, fungua /etc/default/zramswap, andika PERCENT=50, kisha sudo systemctl restart zramswap. Kwenye kompyuta ya GB 2 usiruke hatua hii. Kompyuta ya biti 32 ibaki na Debian 12, maana Debian 13 haina tena kisakinishi chake.

Jambo la pili siku hiyo hiyo ni kuzima vivuli na uwazi wa madirisha:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false

Kwenye chipu za zamani za Intel dirisha huanza kufuata kipanya bila kusuasua. Gharama yake ni kwamba video inaweza kuonekana imekatika katikati ya skrini. Kwa saiba hilo si kitu; kwa kompyuta ya kutazamia filamu, iache ilivyo.

Sasa kufuli. Mteja akibofya paneli kwa kitufe cha kulia anaweza kuiondoa, kuisogeza, hata kuifuta, na anayekaa baada yake atasema kompyuta imekufa. Ingia kwa akaunti yako, panga paneli unavyotaka, kisha nakili faili ya ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/xfce4-panel.xml uiweke ndani ya /etc/xdg/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/. Mstari unaoanza na channel katika nakala hiyo usomeke hivi:

<channel name="xfce4-panel" version="1.0" locked="*" unlocked="root">

Hapa ndipo mafundi wengi hukwama. Akaunti ya mteja ikifunguliwa, paneli inakuja lakini ikoni za programu ni tupu. Sababu ni kwamba ukiongeza ikoni kwa mkono, Xfce huandika faili yake ndani ya folda yako wewe, ~/.config/xfce4/panel/launcher- na namba, na mteja hana folda hiyo. Dawa ni kuhariri ile XML: badala ya jina lenye tarakimu nyingi, andika jina la faili iliyomo /usr/share/applications, kwa mfano firefox-esr.desktop. Hiyo kila akaunti inaiona.

Kuna kufuli jingine dogo ambalo halitajwi sana. Xfce hupenda kukumbuka madirisha yaliyokuwa wazi wakati wa kutoka, na katika saiba hutaki mteja wa saa nne akute kazi ya mteja wa saa tatu. Tengeneza /etc/xdg/xfce4/kiosk/kioskrc yenye mistari miwili, [xfce4-session] na chini yake SaveSession=NONE.

Kwa akaunti isiyofungwa, stima ikikatika ghafla faili ya paneli inaweza kubaki nusu, na ukiwasha unakuta picha ya nyuma peke yake. Bonyeza Alt na F2, fungua xfce4-terminal, kisha kwa mpangilio huu: xfce4-panel --quit, halafu pkill xfconfd, halafu futa folda ya ~/.config/xfce4/panel pamoja na ile xfce4-panel.xml ya nyumbani, mwisho xfce4-panel &. Ukiisahau ile pkill, xfconfd inayoshikilia mipangilio ya zamani kwenye memori itairudisha, nawe utadhani ulichofuta hakikufutika.

Projekta nayo ina mambo yake. Super na P huleta kidirisha cha skrini, na mara nyingi hapo kazi imekwisha. Ikikupa 1024x768 tu, angalia waya kwanza. Kwenye VGA, taarifa za projekta hupita pini ya 12 na ya 15, na hewa ya bahari haina huruma na pini. Zikishika kutu picha inafika lakini kompyuta haijui inazungumza na nani. Zisafishe. Kama huna muda, andika cvt 1280 800, chukua maneno yote yanayofuata Modeline, uyape xrandr --newmode, kisha xrandr --addmode VGA-1 na neno la kwanza kati ya hayo, kisha xrandr --output VGA-1 --mode na neno hilo hilo. Jina la VGA-1 lihakikishe kwa kuandika xrandr pekee. Ukitoka kwenye akaunti mpangilio huu hupotea.

Kwa walimu wa madrasa na wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, weka kibodi katika /etc/default/keyboard: XKBLAYOUT="us,ara,ir" na XKBOPTIONS="grp:alt_shift_toggle". Hiyo ir ni ya Kiajemi, imo kwa sababu ina پ na چ na گ kwenye vitufe vyake. Ongeza xfce4-xkb-plugin kwenye paneli, mwandishi aone yuko kibodi gani.

Kasoro zipo. Ukingo wa dirisha ni mwembamba mno kushikika kwa kipanya kichakavu. Shika Alt, buruta kwa kitufe cha kulia, dirisha litapanuka popote uliposhika. Kwa kitufe cha kushoto Alt hulisogeza, jambo linalookoa kwenye skrini ndogo ambako kitufe cha kuhifadhi kimezama chini. Mwenye laptopu ya skrini kali yenye nukta nyingi pamoja na skrini ya kawaida pembeni atafute eneo-kazi jingine, kwa kuwa ukubwa wa madirisha anaouchagua katika Appearance unatumika kwa zote mbili.

Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, katika 4.20 bado ni ya majaribio: xfwm4 haifanyi kazi humo, na nafasi yake inashikwa na labwc, msimamizi mwingine wa madirisha. xdotool na wmctrl, zana za kuendesha madirisha kwa amri, nazo huacha kuyaona madirisha ya Wayland. Kwenye skrini ya LightDM chagua Xfce Session ya kawaida.