Semina ya biashara ya filamu Bagamoyo: Jumamosi lala, Jumapili usikose

Wakuu, nimetoka kwenye ile semina ya siku mbili ya biashara ya filamu hapahapa Bagamoyo, jina la waandaaji naliacha maana kuna sehemu nitawasema na mji wenyewe mdogo huu, tunakutana sokoni kwenye samaki kila siku. Kiingilio elfu 60 na chakula humohumo. Mi natengeneza filamu zangu mwenyewe, sina kampuni sina bosi, kamera moja na jamaa wawili tunaoaminiana, kwahiyo elfu 60 ni hela inayouma.

Jumamosi tuliambiwa saa 3 kamili asubuhi, tumeanza saa 5 kasoro. Kwanza projekta ikagoma, alafu umeme ukakatika, alafu jenereta lipo ila petroli hamna, ikabidi atumwe boda. Mwezeshaji wa asubuhi kaongea karibu masaa mawili kuhusu kujiamini na kuwa na ndoto, jamani mtu aliyeamka alfajiri kupanda gari kutoka Dar ndoto anayo tayari, kinachomshinda ni posho za waigizaji. Makabrasha yote kiingereza kitupu. Mchana wali wa nazi na changu wa kukaanga, hapo sina neno.

Kipindi cha bajeti ndo kilinichosha zaidi, mfano wao ulikua filamu ya milioni 300, mle ndani sidhani kama kuna aliyewahi kushika hata 30. Mi bajeti yangu ya mwisho iliharibiwa na maji. Nilikodi mashua asubuhi nipige sini moja tu, tumefika ufukweni maji yametoka, chombo kimekaa kwenye mchanga kimelalia ubavu na nahodha anatuangalia tu, tukasubiri yajae hadi alasiri na watu 9 wote wanakula. Mtoto wa pwani nasahau kuuliza maji yanajaa saa ngapi! Mambo kama hayo ndo nilitaka yafundishwe, ile asilimia 10 ya bajeti ya kutenga kwa dharura unaiweka wapi na unaitoaje, ila muda ulishaisha.

Sasa Jumapili. Alikuja dada mmoja mwanasheria, hana mbwembwe, hajagusa hata projekta. Kagawa mkataba wa kweli aliofuta majina, akamwambia kijana mmoja wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, asome kwa sauti. Kijana kafika kwenye "haki zote, kwa njia zote zilizopo na zitakazogunduliwa baadaye, duniani kote, milele", dada akamwambia rudia. Akarudia. Rudia tena. Ukumbi kimya unasikia feni tu. Mi nilikua naangalia chini, maana filamu yangu ya kwanza niliiuza hivyohivyo, laki 8 kwenye bahasha, nimesaini juu ya boneti ya gari nikaona nimeula. Leo nikitaka kuipandisha Yutubu siwezi, sio yangu. Na kuna mzee mmoja wa enzi za DVD alisema yeye masta, yaani nakala mama za filamu zake, alizipeleka Kariakoo akalipwa mara moja basi, kazi zake zimerudiwa kwenye tivii hadi watoto wa mtaani wanamuita jina la mhusika na mfukoni hana hata mia ya kazi ile.

Dada akasema mtu akija na hela muulize unanunua kuonesha wapi, kwa muda gani, kwa njia ipi, na je ni wewe peke yako utakayeionesha. Kwamba tivii ya hapa nyumbani unaweza kuipa haki ya miaka miwili Tanzania tu, intaneti na nchi za nje ukabaki nazo, bei itashuka kidogo lakini mzigo bado wako. Hili mi nilikua silijui kabisa, nilidhani filamu inauzwa kama mbuzi, ukishapokea hela kamba unaikabidhi.

Na mpangilio wa kuitoa pia, matamasha mengi hayaitaki filamu iliyokwisha wekwa mtandaoni, kwahiyo kama una mpango wa kutuma ZIFF Zanzibar au nje huko, Yutubu iwe ya mwisho. Na huko Yutubu kwenyewe mgao wa matangazo kwa video ndefu ni mpaka uwe na wafuatiliaji 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12, usimuahidi muigizaji utamlipa na hela za huko.

Makaratasi mengine alipita harakaharaka: kibali cha Bodi ya Filamu kabla hujaanza kupiga, ikiisha irudi kukaguliwa kabla ya kuoneshwa, sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, muigizaji asaini hata kama ni shemeji yako, na ile biti ya muziki uliyodaunlodi bure ina mwenyewe. Kingine, ukimaliza kuediti hifadhi sauti za maongezi mbali na muziki na vishindo, mnunuzi akitaka kuingiza lugha nyingine asikukimbie. Hapo kwenye sauti nilitamani akae nusu saa, lakini mwandaaji ashaanza kuonesha saa ili watu wakapige picha ya pamoja.

Cheti elfu 10 ya ziada, hawakusema mwanzoni, na changu wamekosea jina.

Nyota 3, mbili na nusu ni za yule dada, nusu ya yule samaki wa mchana. Mwezi ujao wanarudia. Niliwauliza kama mtu anaweza kulipia Jumapili tu elfu 30 wakasema haiwezekani, ila jamaa niliyekaa nae alilipa hiyohiyo 30, kwahiyo bembelezeni. Na wahini viti vya karibu na dirisha, feni lenyewe moja tu.