Huduma ya kupima nguzo za msingi, Mjini Unguja

Kampuni tuliyoikodi kupima uwezo wa nguzo za msingi wa jengo letu karibu na Darajani, mahali palipokuwa mkono wa bahari kabla ya kufukiwa, ilifanya kazi ya kuaminika. Nguzo ya majaribio ilikandamizwa kwa jeki ya haidroli, hatua kwa hatua, hadi asilimia 150 ya mzigo wa usanifu (uzito ambao nguzo imekusudiwa kubeba), na kila hatua mafundi walisubiri mpaka geji zitulie ndipo walipoandika imedidimia milimita ngapi. Kilichonifurahisha zaidi ni turubai walilolitandaza juu ya boriti ya rejea, yaani chuma kinachoshikilia geji, kwa kuwa chuma kikipigwa na jua hutanuka na kupotosha vipimo. Bei ni kubwa, na ripoti ilichelewa. Hata hivyo, kwenye ardhi ya kufukiwa nisingethubutu kupandisha ghorofa bila kipimo hiki.