Horace wa jalada jekundu: Loeb namba 33

Kabla ya kulipa, angalia namba. Mashairi ya Horace, mshairi wa Roma ya kale, yamegawanywa katika vitabu viwili vya Loeb, mfululizo unaochapa maandishi ya kale pamoja na tafsiri ya Kiingereza: namba 33 ina Oda (mashairi ya mtindo wa nyimbo) na Epodi (mengi ni ya kushambulia), namba 194 ina tashtiti na nyaraka, yaani barua za kishairi. Anayeitafuta carpe diem, kauli yake maarufu ya kutoiacha siku ya leo ipite bure, achukue 33, tafsiri ya Niall Rudd ya mwaka 2004. Ile ya Bennett ya 1914 iko bure mtandaoni, ila Kiingereza chake kimechakaa.

Kitabu ni kidogo, kinaingia mfuko wa koti. Kilatini kiko kushoto, Kiingereza kulia, na thamani yake yote iko kushoto. Fungua Oda 1.11 (kitabu cha 1, shairi la 11), mistari 8 tu. Carpe ni neno la mtu anayechuma tunda au ua, kwa hiyo ni "chuma siku". Hiyo "kamata siku" inayozagaa imepitia Kiingereza. Mstari wa juu yake una reseces, kupogoa: tumaini refu likatwe kama tawi la mzabibu. Halafu fugerit, kitenzi ambacho Kiswahili kinakibeba bila taabu: tukiwa bado tunaongea, wakati wenye kijicho utakuwa umeshatoroka.

Mshairi wetu wa Kiswahili ataanza kuhesabu, na atakuta kila mstari una mizani 16 kama tarbia nyingi, lakini hazikukatwa 8 kwa 8. Ni 6, 4, 6. (Neno vina utakalolikuta mstari wa 6 ni divai. Vina tunavyovijua sisi, Horace hana kabisa.) Mdundo wake unatokana na silabi ndefu na fupi, na hapa ndipo kitabu kinamwacha anayeanza njiani: irabu ndefu hazijawekewa alama. Weka pembeni kamusi yenye alama hizo, zitie kwa penseli, ndipo usome kwa sauti. Ukikaza silabi ya pili kutoka mwisho kila neno kwa mazoea ya Kiswahili, shairi linageuka hotuba.

Tafsiri ni ya nathari. Maana inavuka salama, mpangilio unazama. Oda 1.5 inafungua hivi: Quis multa gracilis te puer in rosa. Te (wewe), yaani Pyrrha, mwanamke anayesemeshwa, yuko katikati. Gracilis na puer, mvulana mwembamba, wamemkumbatia pande mbili. Multa na rosa, mawaridi tele, yamewazunguka wote. Kulia hulioni hilo.

Usianze na 1.1, ni salamu kwa mfadhili wake Maecenas na majina ni mengi. Anza 1.11, kisha 1.5, kisha 2.14, ambamo Postumus anaambiwa kwamba divai aliyoifungia kwa funguo 100 itamwagwa sakafuni na mrithi wake. Epodi zisubiri. Ya 8 na ya 12 ni matusi ya nguoni; mwalimu azipitie kwanza kabla ya kumkabidhi mwanafunzi kitabu.