TAHADHARI: Usukani wa "eabegi kamili" ambao ndani ni mtupu

Wadau wa magari, kuna muuzaji wa usukani anazunguka mitandaoni kwa majina tofauti tofauti, na mali yake imeshapita mikononi mwangu kiasi cha kutosha kusema bila kumung'unya maneno: mkwepeni. Usukani anaoutangaza kuwa na "eabegi kamili" hauna eabegi, ule mfuko unaojaa ghafla kumkinga dereva kwenye ajali. Una kifuniko chenye nembo inayong'aa, na chini ya kifuniko kuna rezista, kidude kidogo cha kukinza umeme, ya kuidanganya kompyuta ya gari. Kisha, kwa kisingizio cha kukupunguzia bei, anakutaka umtumie usukani uliotoka na gari lako. Huo ndio wenye eabegi ya kweli, na kwa maoni yangu ndio anaouwinda tangu mwanzo.

Kazi yangu ni umeme wa magari. Watu huniletea usukani mpya ukiwa bado kwenye boksi niwafungie, au huja wakiwa wameshafungiwa kwingine, kwa sababu indiketa hazirudi zenyewe au honi inalia kila wakikata kona. Ndivyo nilivyoanza kukutana na kazi za huyu bwana.

Tangazo lake linavutia, hilo tumpe. Usukani bapa kwa chini, kaboni juu, ngozi yenye vitundu pembeni, mshono mwekundu. Picha karibu zote zimepigwa juu ya kitambaa cheusi, na kwenye baadhi unaona kidole chenye glavu ya kijivu. Kuna na video fupi: swichi inafunguliwa, taa ya eabegi inawaka kwenye dashibodi, inazima, honi inalia, batani za redio zinaitika. Sehemu ya maoni imefungwa. Ukimwomba picha ya mgongo wa eabegi, pale penye lebo na namba, anakurudishia video ile ile. Ukikazana, jibu ni moja: "Mkuu, taa imezima, unataka nini tena?"

Jibu hilo limewanasa wengi, kwa hiyo tuliangalie vizuri.

Kompyuta ya eabegi haina macho ya kuona kama mfuko upo. Inachofanya ni kupitisha umeme kidogo sana kwenye kiwashio kilicho ndani ya eabegi na kupima ukinzani wake, ambao kwa kawaida ni kama omu 2 au 3. Ikipata kiasi hicho inaridhika, taa inazima. Ukichomeka rezista ya kiasi hicho hicho kwenye soketi, inaridhika vilevile. Kidude chenyewe kinaenea juu ya ukucha, na madukani kinauzwa kwa bei ya kutupa. Siku ya ajali kompyuta itatimiza wajibu wake na kutuma umeme kwa wakati, rezista itapata moto, basi. Eabegi ya kweli hujaa kwa muda usiofika hata sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Hapa hakuna cha kujaa, uso unakwenda kukutana na plastiki.

Wapo wanaotumia ujanja wa kizamani zaidi: wanang'oa balbu ya taa ya eabegi, au wanaiunganisha na taa ya betri au ya oili ili ziwake na kuzima pamoja. Hao ni rahisi kuwakamata. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi lazima iwake sekunde kadhaa, kisha izime yenyewe huku injini ikiwa bado kimya. Isipowaka kabisa, au ikisubiri mpaka injini iwake ndipo izime, kuna mchezo umechezwa. Lakini huyu ninayemsema kipimo hicho anakipita bila jasho, ndiyo maana video yake haiogopi kuonyesha dashibodi.

Mmoja niliufungua mwenye gari akiwa amesimama pembeni. Nyuma ya kifuniko kulikuwa na soketi mbili za njano, kwa sababu eabegi za magari mengi ya siku hizi zina viwashio viwili: kikiwaka kimoja kishindo ni kidogo, vikiwaka vyote viwili kishindo ni kikubwa. Kila soketi ilikuwa na rezista yake iliyozungushiwa utepe mweusi na kumwagiwa gundi ya moto. Pale ambapo mfuko na chupa yake ya chuma vingekaa palikuwa na kipande cha sponji kilichokatwa kwa mkasi, na chini yake gazeti lililokunjwa, ili ukibonyeza honi mkono usihisi uwazi. Nilipokigeuza kifuniko chenyewe nikaona kilishawahi kupasuka. Kifuniko cha kiwanda kina mistari myembamba upande wa ndani, ambapo plastiki imepunguzwa unene makusudi ili mfuko ukifumuka upasue hapo hapo. Mistari hiyo ilikuwa imezibwa kwa gundi ngumu, juu ikapigwa msasa na rangi. Maana yake kifuniko kilitoka kwenye gari lililopata ajali. Hata angebahatika mtu kuweka eabegi nzima chini yake, kisingepasuka inavyotakiwa.

Mwenye gari aliuliza swali moja tu: usukani wake wa zamani uko wapi. Alishautuma.

Hapo kwenye kubadilishana ndipo pa kusimama kidogo. Eabegi nzima iliyotoka kiwandani ni mali. Inauzika haraka, na kuna nchi ambazo wezi huvunja magari kwa ajili ya hiyo tu. Sasa mtu akikupunguzia bei kwa sharti la kumpelekea usukani wako "mkuukuu", ujue umempa kitu cha thamani kuliko ulichopokea. Na ukitaka kurudisha alichokuletea, huna cha kufunga kwenye gari, kwa hiyo unabaki umenasa. Anakupa siku chache za kurudisha mali, lakini anasema mali "isiwe imefungwa kwenye gari". Bila kuifunga utajuaje kama inafanya kazi? Ukiifungua kifuniko, anasema umeiharibu mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui, nalo linamuumbua mapema kabisa. Eabegi yenye kiwashio chake ni mzigo wa hatari katika usafirishaji. Iko kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya mizigo hatari, kwa kawaida chini ya namba UN 3268, kundi la 9. Muuzaji wa halali analazimika kuitangaza kwa msafirishaji na kuifungasha kwa utaratibu wake. Huyu anatuma kwa boksi la kawaida lililoandikwa "mapambo ya gari". Ama anavunja sheria za usafirishaji, ama anajua fika kwamba ndani hamna kitu cha kulipuka. Muulize kabla ya kulipa: mzigo unatangazwa vipi? Hapo atageuka bubu.

Msije mkadhani tatizo ni utupu peke yake. Eabegi bandia zenye baruti ndani nazo zipo, na sina hakika kama hizo ni afadhali. Mwezi Oktoba 2012 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa onyo kuhusu eabegi feki zilizofanana sana na za watengenezaji wa magari. Zilipojaribiwa, nyingine hazikufumuka vizuri na nyingine zilirusha vipande vya chuma kwa dereva. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ikaonya tena, safari hii kuhusu vijazio vya bei rahisi, yaani vile vinavyoujaza mfuko, vilivyowekwa kwenye magari yaliyokarabatiwa baada ya ajali, na ikasema watu wamekufa katika ajali ambazo zingeweza kuwaacha hai. Kwa hiyo akija muuzaji mwingine na kukwambia "yangu ina eabegi ndani, pima uzito", uzito haukwambii lolote.

Wenye magari ya zamani yasiyo na eabegi nao wasijione wamepona. Huyu huyu anawauzia usukani wa MOMO na Nardi, "halisi kutoka Italia", pamoja na adapta ya kuunganishia kwenye shafti. MOMO inatengeneza usukani tangu miaka ya 1960, Nardi imetangulia zaidi, na zote mbili zinaigwa kila siku. Kuna alama moja inayowaumbua waigaji wavivu. Usukani wa MOMO hufungwa kwa skrubu 6 zilizopangwa kwenye duara la milimita 70, wa Nardi kwenye duara la milimita 74. Niliwahi kuletewa "Nardi" ya huyu bwana yenye matundu ya 70. Kwa wengine anatuma usukani wa 74 na adapta ya 70, kisha anamwelekeza mnunuzi kwa simu atanue matundu kwa tupa. Tofauti ni milimita 2 kwa kila tundu, inaonekana ndogo. Lakini ukishatanua, skrubu hazikai tena kwenye kuta za matundu, usukani unashikiliwa na vichwa vya skrubu peke yake, na baada ya muda unaanza kusikia "tik" ukikata kona. Usifanye hivyo hata kidogo.

Adapta zake pia ni za kuogopa. Meno ya ndani, yale yanayoshikana na meno ya shafti ya usukani, yamechongwa ovyo kwenye alumini laini. Adapta sahihi inaingia kwa kukaza na haina mchezo hata kabla ya kufunga nati. Ya kwake unaitikisa kwa mkono. Nyuma yake panatakiwa kuwa na pini zinazoingia nyuma ya usukani, ndizo zinazorudisha indiketa. Pini moja ilikuwa fupi kiasi cha kutogusa. Na unene wa adapta nao utazame. Ikiwa ndefu inakusogezea usukani kifuani, na ikiwa ni pande la chuma lisilokunjika, kwenye ajali haikupi unafuu wowote.

Kubadilisha usukani si dhambi. Mimi mwenyewe nawafungia watu kila leo. Kwa gari lenye eabegi, njia ninayoiamini ni kununua duara tupu la muundo wa gari hilo hilo, lisilo na eabegi, halafu kuhamishia eabegi yako mwenyewe iliyotoka na gari. Muuzaji mwaminifu atakwambia hivyo hivyo, wala hatautaka usukani wako wa zamani. Betri itolewe waya wa hasi na kusubiriwa kabla ya kugusa soketi za njano: Toyota huelekeza sekunde 90, Nissan na wengine dakika 3 au zaidi, soma kitabu cha gari lako. Magurudumu yawe yamenyooka, kasha la utepe wa nyaya, linalopeleka umeme kwenye usukani unaozunguka, lisizungushwe likiwa nje, la sivyo litakatika siku ya kwanza ya kukata kona mpaka mwisho. Gari lenye mfumo wa kuzuia kuyumba lina kipimo cha pembe ya usukani hapo hapo, mara nyingi kinahitaji kusawazishwa upya kwa mashine. Na bima waambie. Nchi nyingine hata ukaguzi unalitazama hili. Uingereza, gari lililotoka kiwandani na eabegi likikutwa halina, linaanguka ukaguzi wao wa MOT.

Sasa kwa waliokwisha kulizwa. Usiichokonoe eabegi kwa mita ya umeme ili "kupima kama ni nzima". Kama kwa bahati ni ya kweli, umeme wa mita unaweza kuifyatua mbele ya uso wako. Mpe fundi anayejua mfumo huo aitoe, apige picha ya mgongo, soketi na kilichomo. Wakati huo kwenye gari asikae dereva mfupi aliyesogeza kiti mbele akijipa moyo kwamba eabegi ipo. Mkanda ndio kinga yenu iliyobaki. Tena kama taa ya eabegi imeanza kuwaka muda wote, katika magari mengi kompyuta huenda imezima mfumo mzima, pamoja na eabegi ya abiria na vikaza mikanda.

Tunza boksi na karatasi ya msafirishaji, hasa pale palipoandikwa aina ya mzigo, na mazungumzo yote kabla hajayafuta. Peleka madai kwa benki au kampuni ya malipo uliyolipia, ukieleza kwamba bidhaa si ile iliyotangazwa, na ripoti polisi kwa sababu kuna eabegi yako mkononi mwa mtu asiyejulikana. Chukua namba ya eabegi yako kama fundi aliwahi kuipiga picha. Jamaa akishasikia neno polisi atakupigia kwa upole, atakuita kaka au dada, ataahidi kukurudishia pesa mara tu atakapopokea usukani wake. Usiutume. Huo ndio ushahidi wako wote. Mwambie pesa kwanza, na usukani atauchukua kituoni.