Dar hadi London: kabla ya bei, uliza namba ya buking

Begi langu lilikuwa linazunguka peke yake kwenye mkanda wa mizigo, katika nchi ambayo sikuwa na viza yake. Mimi niko huku upande wa uhamiaji, begi liko kule, na ndege ya London imebakiza saa moja na nusu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wakala hakuniuzia safari ya Dar–London. Aliniuzia tiketi mbili za kampuni mbili zisizojuana, akazibana kwa pini. Ndege ikaniacha, tiketi ya pili ikafa, nikanunua nyingine palepale kwa bei ambayo siitaji hapa kwa sababu mume wangu husoma.

Basi leo sizungumzii upana wa kiti wala wali wa ndegeni. Tangu British Airways iache kutua Dar mwaka 2013 tumezoea kuunganisha, na katika kuunganisha kuna swali moja: namba ya buking, zile herufi sita, ni moja au mbili? Ikiwa moja, begi unaliaga Dar unalikuta London, na ndege ya kwanza ikichelewa ni kazi yao kukutafutia nyingine. Zikiwa mbili, mzigo wote ni wako. Hata kwenye kaunta, soma ile karatasi wanayoibandika kwenye begi. Kama unatua Heathrow iandikwe LHR, siyo mji wa katikati.

Namba moja ikishapatikana, chaguo langu ni Kenya Airways kupitia Nairobi, na upendeleo wangu siufichi. Dar hadi London kwa mstari ulionyooka ni kama kilometa 7,500, na Nairobi iko karibu kabisa na mstari huohuo. Unaruka saa moja na kitu, halafu kama saa tisa hadi London. Ukikwama, kwa paspoti ya Tanzania unaingia Kenya bila viza, na unagombana kwa Kiswahili. Hilo peke yake nalilipia.

Ethiopian kupitia Addis Ababa inafuata; inazunguka chini ya kilometa 200 tu.

Qatar Airways na Emirates watu wanazisifia, na ni nzuri, lakini Doha inakuongezea kama kilometa 1,500 na Dubai karibu 2,000. Unakwenda mashariki ili ufike magharibi! Na usidanganywe na saa zilizoandikwa kwenye tiketi: London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi, mbili wakati wa kiangazi, kwa hiyo safari ya kwenda huonekana fupi kuliko ilivyo.

Za bei chee zenye kusubiri saa kumi na tano katikati zipo. Beba shuka.

Kinachoniudhi zaidi ni mawakala. Bei ya kwenye simu haina begi, ukifika ofisini ina begi lakini imepanda, ukilipa inazuka "ada ya huduma". Huduma gani? Niliporudi kwa yule wangu kumuuliza kwa nini hakunieleza kuhusu tiketi mbili, hakuinua hata macho kwenye kompyuta: "Dada, si ulitaka rahisi?"